Shabaha Ilikuwa Sahihi: Uchambuzi wa Kisa cha Dawa Iliyotumwa Kuua Seli Shina za Saratani

## Kisa chenyewe

Kila anayelima anaijua ndago. Leo umepalilia na shamba linapendeza macho. Baada ya wiki mbili imerudi palepale, kwa sababu jembe limekata majani na vijiazi vimebaki udongoni. Wanaoamini kuwapo kwa seli shina za saratani, yaani seli chache zenye uwezo wa kuotesha uvimbe upya, wanasema uvimbe nao uko hivyo. Seli nyingi ni majani, chache ni vijiazi, na tibakemikali tulizozizoea, yaani dawa za kuua seli za saratani, ni jembe.

Kisa hiki kinahusu dawa iliyotengenezwa kwa makusudi ya kuvifuata vijiazi. Ilianzia katika maabara moja ya California, kampuni yake ikanunuliwa kwa karibu dola bilioni 6, majaribio yake makuu yakaandikisha wagonjwa zaidi ya 1,600, na mwaka 2019 ikaachwa bila kuidhinishwa.

Nimeondoa majina ya kampuni, ya dawa, ya majaribio na ya watu waliofanya maamuzi. Nitasema tu kampuni ndogo, kampuni kubwa, na dawa. Miaka, idadi na matokeo nimeyaacha kama yalivyochapishwa. Aliye ndani ya fani hii atatambua ninazungumzia nini, na asiyetambua hatapungukiwa na kitu.

Nimekitumia kisa hiki kufundishia famasia, na kila mara darasa hugawanyika. Wapo wanaosema nadharia ya seli shina ilikuwa ya uongo tangu mwanzo. Wapo wanaosema nadharia ilikuwa sawa ila bahati ilikuwa mbaya. Mimi sikubaliani na upande wowote. Shabaha iliyochaguliwa ilikuwa sahihi, silaha haikuifaa, na jina "seli shina" liliwafanya watu wenye akili sana waache kuuliza maswali ambayo dawa nyingine yoyote ingeulizwa mapema.

## Usuli: wazo la vijiazi lilikotoka

Mwaka 1994, kundi la John Dick huko Toronto lilichukua seli za mgonjwa wa saratani ya damu na kuzipandikiza kwa panya wasio na kinga ya mwili. Seli nyingi hazikuotesha ugonjwa. Zilizootesha zilikuwa chache sana, na zilitambulika kwa alama zilizo juu ya ngozi yake: zina CD34, hazina CD38. Mwaka 2003 kundi la Michael Clarke huko Michigan likafanya jambo kama hilo kwa saratani ya matiti. Seli 100 zenye alama fulani zilitosha kuotesha uvimbe kwa panya, huku makumi ya maelfu ya seli za aina nyingine kutoka uvimbe uleule yakishindwa.

Ukiyasoma matokeo hayo ukiwa na mgonjwa mbele yako ambaye uvimbe wake ulisinyaa mwezi wa tatu ukarudi mwezi wa nane, unaona mara moja kwa nini wazo hili liliwasisimua watu. Lilieleza kitu ambacho madaktari wamekuwa wakikiona kwa macho kwa miaka mingi.

Ila mwaka 2008 lilikuja onyo. Kundi la Sean Morrison lilirudia kipimo cha kupandikiza kwa saratani ya ngozi iitwayo melanoma, safari hii kwa panya ambao kinga yao ilikuwa imedhoofishwa zaidi. Ghafla seli zilizoweza kuotesha uvimbe hazikuwa adimu tena. Ilikuwa takriban moja kati ya nne. Maana yake ni kwamba uchache uliokuwa ukihesabiwa katika saratani fulani huenda ulikuwa sifa ya panya, si sifa ya uvimbe. Dhana haikufa kwa hoja hiyo, na katika saratani ya damu inasimama imara hadi leo. Lakini tangu 2008 mtu aliyesema "nimezipata seli shina za uvimbe huu" alitakiwa aeleze vizuri zaidi alizipataje.

Kulikuwa na tatizo jingine la kivitendo. Seli shina za saratani zinatumia njia za mawasiliano zilezile zinazotumiwa na seli shina za kawaida za utumbo, mifupa na uboho, hasa njia ziitwazo Notch na Wnt. Dawa za kuziba Notch zilileta kuhara kukali. Mojawapo ya dawa za kuziba Wnt ilivunja mifupa ya wagonjwa. Kwa hiyo aliyetaka kuua vijiazi vya saratani bila kuua vijiazi vya mwili alihitaji alama ambayo mwili wenye afya hauionyeshi kabisa. Hapo ndipo kampuni ndogo ilipoanzia.

## Namna shabaha ilivyopatikana

Ugonjwa uliochaguliwa ulikuwa saratani ya mapafu ya seli ndogo. Ni takriban asilimia 13 hadi 15 ya saratani zote za mapafu, na karibu wote wanaoipata wamewahi kuvuta sigara. Kwa anayetafuta seli shina ulikuwa uchaguzi wa akili, maana hakuna saratani ngumu (yaani ya uvimbe, si ya damu) inayofanana na ndago kuliko hii. Ukiipiga kwa tibakemikali za sisplatini na etoposidi husinyaa kwa wagonjwa walio wengi, wakati mwingine ndani ya wiki chache kiasi cha kushangaza. Halafu hurudi, kwa kawaida kabla ya mwaka kwisha, na ikirudi haiogopi tena dawa ileile. Matibabu ya mwanzo hayakuwa yamebadilika sana tangu miaka ya 1980. Ilipokuwa ikirudi, dawa pekee iliyokuwa imeidhinishwa Marekani ilikuwa topotekani.

Watafiti wa kampuni ndogo hawakutumia seli za kwenye chupa zilizokuzwa kwa miaka mingi. Walichukua vipande vya uvimbe vya wagonjwa, wakavikuza ndani ya panya, kisha wakatafuta ni protini gani zinabebwa na seli zenye uwezo wa kuotesha uvimbe upya na hazipatikani kwenye mapafu yenye afya. Protini iliyojitokeza inaitwa DLL3.

DLL3 ni jamaa wa njia ya Notch, na kwa kawaida hukaa ndani ya seli bila kutoka nje. Katika saratani hii huzalishwa kwa wingi kupita kiasi, nyingine inafika juu ya ngozi ya seli. Ilionekana katika zaidi ya asilimia 80 ya uvimbe uliopimwa. Kwa mtu anayetafuta mlango ambao adui anao na raia hawana, huu ulikuwa mlango.

## Maamuzi mawili ya mwanzo na mantiki yake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutojaribu kuizima DLL3. Waliitumia kama anwani tu. Walitengeneza kingamwili, yaani protini ya aina ambayo kinga ya mwili hutumia kukamata kitu kimoja tu, inayoishika DLL3, wakaibebesha sumu; ikishikamana, seli huimeza na sumu hufunguliwa ndani. Nauona huu kuwa uamuzi mzuri kabisa. Uliepuka madhara yote ya kuziba Notch.

Uamuzi wa pili ulikuwa aina ya sumu. Walichagua ile ya kundi linaloitwa pirolobenzodiazepini, ambayo hufunga pamoja nyuzi mbili za DNA ili zisiweze kutengana. Sababu yake ilitoka moja kwa moja kwenye nadharia: seli shina hudhaniwa kuwa hulala, hazigawanyiki kwa kasi, kwa hiyo sumu inayosubiri seli igawanyike ingezikosa. Hii haisubiri. Inaua iliyolala na iliyo macho.

Naomba msomaji aushike uamuzi huo wa pili, maana tutaurudia.

Kwa panya matokeo yalikuwa mazuri sana. Uvimbe uliopewa tibakemikali za kawaida ulisinyaa ukarudi. Uliopewa dawa ulisinyaa ukakaa muda mrefu bila kurudi, na mabaki yake yalipopandikizwa kwa panya wengine yalionyesha uwezo mdogo wa kuota. Kazi hiyo ilichapishwa Agosti 2015, na ilistahili kuchapishwa.

## Kwa binadamu: 2013 hadi 2016

Jaribio la awamu ya kwanza liliandikisha watu 82 kati ya Julai 2013 na Agosti 2015. Kati yao 74 walikuwa na saratani ya seli ndogo, na wote walikuwa wameshapitia angalau tiba moja ikashindwa. Kwa dozi ya miligramu 0.8 kwa kilo, wagonjwa wawili kati ya wawili chembe sahani zao, zile zinazogandisha damu, ziliporomoka kwa kiwango cha hatari. Dozi ikashushwa. Mwishowe ikapendekezwa miligramu 0.3 kwa kilo kila wiki sita, mara mbili tu.

Katika dozi zilizofanya kazi, wagonjwa 60 waliweza kupimwa maendeleo yao, na 11 uvimbe wao ulisinyaa kwa kiwango kinachokubalika. Hiyo ni asilimia 18. Si namba ya kumfanya mtu aruke. Ila walipowaangalia peke yao wale ambao nusu au zaidi ya seli za uvimbe wao zilikuwa na DLL3, walikuwa 26, na kati ya hao 10 walisinyaa. Asilimia 38.

Namba hiyo ya pili ndiyo iliyosafiri. Ilisomwa kwenye mikutano, ikaandikwa magazetini, ikaingia kwenye mahesabu ya wawekezaji. Namba ya madhara ilibaki nyuma: wagonjwa 28 kati ya 74, asilimia 38 vilevile, walipata madhara makubwa yaliyotokana na dawa. Miongoni mwake kulikuwa na kushuka kwa chembe sahani na maji kujaa kwenye utando unaozunguka mapafu. Fikiria mtu ambaye mapafu yake tayari yamebanwa na uvimbe, halafu dawa inamletea maji palepale.

Aprili 2016 kampuni kubwa ilitangaza kuinunua kampuni ndogo. Malipo ya mwanzo yalikaribia dola bilioni 6 kwa fedha taslimu na hisa, na ahadi ya bilioni 4 zaidi kama mambo yangekwenda vizuri. Wakati huo dawa ilikuwa haijawahi kulinganishwa na tiba nyingine yoyote kwa binadamu.

## Majaribio matatu kwa mkupuo

Baada ya ununuzi mambo yalikwenda mbio. Jaribio la awamu ya pili liliandikisha wagonjwa 339 ambao tiba mbili au zaidi zilikuwa zimeshindwa. Halikuwa na kundi la ulinganisho. Kila mmoja alipewa dawa. Mwaka 2017, kabla majibu ya jaribio hilo hayajatoka, yakaanzishwa majaribio mawili ya awamu ya tatu. Moja lililinganisha dawa na topotekani kwa watu ambao saratani imerudi mara ya kwanza. Jingine liliwapa dawa au plasebo (dawa bandia isiyo na kitu ndani) watu waliomaliza tiba ya mwanzo na uvimbe wao ulikuwa bado haujarudi.

Ni rahisi kulaumu haraka hiyo ukiwa umeshajua mwisho wake, kwa hiyo niseme upande wa pili kwanza. Mgonjwa wa saratani hii iliyorudi ana miezi michache. Kusubiri majibu ya awamu ya pili ndipo uanze kupanga ya tatu kungekula mwaka mmoja na zaidi, na kama dawa ingekuwa nzuri, mwaka huo ni maisha ya watu. Hata mimi ningejaribiwa kuamua hivyo. Ninachokilaumu ni kwamba ile asilimia 38 ilichukuliwa kama jambo lililokwisha thibitishwa, na majaribio yote matatu yakajengwa juu yake.

## Majibu yalivyokuja

Machi 2018 yalitoka majibu ya awamu ya pili. Waamuzi huru walipopima picha, uvimbe ulikuwa umesinyaa kwa asilimia 12.4 ya wagonjwa wote, na kwa asilimia 14.3 ya wale wenye DLL3 nyingi. Nusu ya wagonjwa walikuwa wamefariki ilipofika miezi 5.6. Asilimia 63 walipata madhara makali au ya kuua ya aina moja au nyingine. Hisa za kampuni kubwa zilianguka siku hiyohiyo.

Desemba 2018 kamati huru inayofuatilia data ilipendekeza uandikishaji kwenye jaribio la topotekani usimamishwe. Kati ya wagonjwa 444, waliopewa dawa waliishi kwa muda wa kati wa miezi 6.3. Waliopewa topotekani waliishi miezi 8.6. Hatari ya kufa ilikuwa juu kwa asilimia 46 upande wa dawa mpya.

Sentensi hiyo napenda isomwe polepole. Haikuwa kwamba dawa haikusaidia. Watu walioikubali kwa matumaini, pamoja na familia zao, waliishi muda mfupi kuliko wangeishi kwa dawa ya zamani ambayo madaktari wote waliiona dhaifu.

Mwanzoni mwa 2019 kampuni kubwa ilifuta kwenye vitabu vyake takriban dola bilioni 4 baada ya kodi. Agosti mwaka huo jaribio la mwisho, lenye wagonjwa 748, lilifungwa nalo: miezi 8.5 kwa dawa, 9.8 kwa plasebo. Mpango mzima ukaachwa.

## Uchambuzi

### Watu 26

Wanafunzi huniuliza asilimia 38 iligeukaje kuwa 14. Wengi hujibu wenyewe kwamba ni bahati ya sampuli ndogo. Sehemu ni hiyo. Ukipata 10 kati ya 26, ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 20 na 60 hivi. Lakini 14 iko nje hata ya upana huo, kwa hiyo bahati peke yake haitoshi kueleza.

Kuna mambo mengine matatu. Wagonjwa wa awamu ya pili walikuwa wamechoka zaidi, wamepitia tiba nyingi zaidi. Picha zilisomwa na waamuzi wa nje wasio na uhusiano na kituo cha matibabu. La tatu ndilo ninaloona kuwa zito kuliko yote: kundi la watu 26 lilikatwa baada ya mambo kuonekana. Katika wale 34 wengine, ambao DLL3 yao ilikuwa ndogo au haikujulikana, alisinyaa mmoja tu. Mstari ukichorwa baada ya kura kuhesabiwa, utapita palepale panapopendeza.

Kilichofuata kinathibitisha. Katika awamu ya pili mstari ulisogezwa, "nyingi" ikawa asilimia 75 ya seli au zaidi, na hata hivyo karibu asilimia 70 ya wagonjwa walihesabika kuwa na DLL3 nyingi. Kipimo kinachowapitisha watu saba kati ya kumi hakichagui mtu. Na tofauti ya 12.4 na 14.3 inaonyesha kwamba hakikuchagua.

### Je, zilikuwa seli shina?

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo, na ndipo ninapotaka kukaa.

Dawa ilinadiwa kwa wawekezaji na kwa madaktari kama dawa ya seli shina. Lakini tazama alama yenyewe. Kama asilimia 75 ya seli za uvimbe zina DLL3, basi DLL3 haiwezi kuwa alama ya vijiazi vichache. Hiyo ni alama ya shamba zima. Leo tunajua kwamba DLL3 huwashwa na jeni liitwalo ASCL1, ambalo ndilo linaloipa saratani hii ya seli ndogo tabia yake ya kufanana na seli za neva. Kwa maneno mengine DLL3 inatuambia uvimbe huu ni wa ukoo gani. Haituambii ni seli ipi ndani yake iliyo mama.

Mtetezi wa dawa ana jibu, na si jibu la kupuuzwa: huenda katika saratani hii seli zenye uwezo wa kuotesha uvimbe ni nyingi kweli, ndiyo maana ni kali hivyo. Inawezekana. Lakini ukilikubali jibu hilo umeshakubali kwamba kuua seli shina na kuua seli nyingi za uvimbe ni kitu kimoja hapa, na basi neno "shina" haliongezi chochote kwenye maelezo ya dawa. Inabaki kuwa sumu iliyopewa anwani, na sumu yoyote iliyopewa anwani huulizwa maswali mawili: inafika kiasi gani, na inadhuru kiasi gani njiani?

Neno hilo lilifanya kazi nyingine pia, na hili limenisumbua kwa muda mrefu. Nadharia ya seli shina ina mlango wa dharura ndani yake. Uvimbe ukisinyaa, unasema dawa inafanya kazi. Usiposinyaa, unaweza kusema subiri, majani yatakauka yenyewe, cha muhimu ni vijiazi. Nadharia yenye majibu kwa kila tokeo inahitaji kufungwa kamba mapema: tungeona nini ndipo tukubali kwamba haikuwa kweli?

Kipimo cha kufunga kamba hiyo kilikuwepo. Saratani ya seli ndogo humwaga seli nyingi kwenye damu kuliko karibu saratani nyingine yoyote ngumu, na mwaka 2014 watafiti wa Manchester walionyesha kwamba seli hizo zikichujwa kutoka kwenye damu ya mgonjwa na kupandikizwa kwa panya, zinaotesha uvimbe. Ingewezekana kuchukua damu kabla ya dozi na baada ya dozi, kwa wagonjwa hata 20, na kuuliza moja kwa moja: uwezo wa kuotesha umepungua? Ni kazi ngumu na ya gharama, lakini mbele ya dola bilioni 6 gharama hiyo haionekani. Vipimo vikuu vya majaribio makubwa vilibaki kuwa vya kawaida, yaani kusinyaa kwa uvimbe, muda kabla ugonjwa haujasonga, na muda wa kuishi. Ni vipimo halali. Ila havikuweza kujibu swali ambalo dawa ilizaliwa nalo.

Lililokaribia zaidi kulijibu ni jaribio la mwisho, la wagonjwa 748. Nalitazama kila mara kwa masikitiko, kwa sababu kwa mpangilio wake lilikuwa mtihani mzuri sana wa wazo la ndago. Tibakemikali zimeshakata majani. Kilichobaki mwilini, kama nadharia ni kweli, kina vijiazi vingi kwa uwiano. Ukipiga hapo, wachache angalau wangepaswa kukaa miaka bila ugonjwa kurudi, na mstari wa kuishi, ule unaoonyesha wangapi bado wako hai kadiri muda unavyopita, ungeonyesha mkia mrefu. Dawa ilichelewesha ugonjwa kusonga, miezi 4.0 dhidi ya 1.4, na tofauti hiyo si ndogo. Lakini mistari ya kuishi ilikwenda pamoja. Jembe lilikuwa kali zaidi, likakata tena, na ndago ikarudi.

### Sumu

DLL3 haipatikani kwenye utando wa mapafu wala kwenye ngozi. Kwa nini basi wagonjwa walijaa maji kifuani, wakavimba miguu, wakaungua ngozi kwa jua? Kwa sababu sumu ilikuwa ikifunguka mahali ambapo haikutumwa. Dawa nyingine zilizobeba sumu za kundi hilohilo, zikiwa na anwani tofauti kabisa, zimeleta maji na uvimbe vilevile. Madhara yalitoka kwa mzigo, hayakutoka kwa anwani.

Na mzigo huo ulichaguliwa kwa sababu ya nadharia: sumu inayoua hata iliyolala. Sifa ileile iliyoifanya ionekane inafaa kwa seli shina ndiyo iliyoifanya isichague. Mwili umejaa seli nzuri zilizolala. Matokeo yake mgonjwa hakuweza kuvumilia zaidi ya dozi mbili, na dozi mbili hazikutosha kwa uvimbe unaokua kwa kasi hiyo. Isitoshe, DLL3 inayofika juu ya ngozi ya seli ni chache kwa hesabu. Kingamwili yenye sumu inahitaji milango mingi ili iingize mzigo wa kutosha.

Nisiitukane sumu yenyewe. Sumu hiyohiyo, kwa dozi ndogo zaidi na anwani nyingine, iliidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa saratani ya tezi za limfu. Pale kuna milango mingi na ugonjwa ni tofauti.

### Kilichofanyika vizuri

Kutafuta shabaha kwenye uvimbe wa wagonjwa halisi, badala ya seli za chupa, kulizaa matunda. Kuitumia DLL3 kama anwani kulikuwa sahihi. Na jaribio dhidi ya topotekani, pamoja na uchungu wa majibu yake, lilikuwa la haki: lilikuwa na kundi la ulinganisho, na kamati huru iliyosema simamisheni. Bila kundi hilo dawa ingeweza kupita kwa kulinganishwa na wagonjwa wa zamani walioandikwa kwenye mafaili. Wagonjwa wa topotekani waliishi muda mrefu kuliko wengi walivyotarajia, na hilo lisingejulikana kwa kukisia.

## Baada ya kisa

Dawa ilipoachwa, wengi waliiandika DLL3 kwenye orodha ya shabaha zilizoshindwa. Kampuni nyingine ya California haikukubali. Tayari ilikuwa ikijaribu njia isiyo na sumu kabisa, protini yenye mikono miwili: mmoja unashika DLL3, mwingine unashika CD3 iliyo kwenye seli T za kinga ya mwili. Hakuna mzigo wa kumwagika njiani, na seli T haihitaji milango mingi. Michache inatosha kuifanya iitambue seli ya saratani na kuiua. Ina madhara yake, hasa homa na kushuka kwa presha pale kinga inapowaka, ndiyo maana dozi za kwanza hutolewa mgonjwa akiwa chini ya uangalizi.

Inaitwa tarlatamabu. Mwaka 2023, kwa dozi ya miligramu 10, asilimia 40 ya wagonjwa walioshindwa na tiba za awali uvimbe wao ulisinyaa. Mei 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliiidhinisha. Mwaka 2025 likaja jaribio la ulinganisho lenye wagonjwa 509 ambao saratani yao ilikuwa imerudi: miezi 13.6 kwa tarlatamabu, 8.3 kwa tibakemikali. Ile 8.3 iko karibu sana na 8.6 ya topotekani ya mwaka 2018.

Anwani ni ileile iliyopatikana ndani ya panya wa kampuni ndogo miaka zaidi ya kumi iliyopita, na ili kueleza matokeo hayo hakuna aliyehitaji kutaja seli shina. Hata hivyo wengi wa wagonjwa hao nao ugonjwa hurudi, na wanaochunguza uvimbe uliorudi wanaanza kwa kuuliza kama DLL3 bado ipo juu ya seli zilizobaki au imeshapotea.